Kukaa Matanga

Siku ya pili baada ya kumzika mama, mvua ilinyesha Muheza tangu alfajiri. Turubai tulilolifunga kati ya mchungwa na mnazi lilikuwa likijaa maji katikati, na kila baada ya muda kijana mmoja alilisukuma kwa mpini wa jembe, maji yakamwagika upande wa jikoni. Wanawake waliokuwa wakipeta mchele walivuta nyungo zao ndani kidogo, maongezi yakaendelea. Mimi nilikuwa jamvini, karibu na mlango. Katekista alikwisha maliza sala ya asubuhi. Mzee mmoja wa kanisani kwetu, mtu mwema ninayemheshimu hadi leo, akainama, akanishika bega, akaniambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nikaitikia amina, kama inavyopasa. Lakini kifua kilizidi kunibana.

Muda si mrefu akaingia jirani yetu, bibi wa Kiislamu aliyekuwa akiuza machungwa pamoja na mama tangu mimi sijazaliwa. Hakusema neno. Alivua kandambili, akajitanda kanga yake upya, akakaa ubavuni kwangu, akanyoosha miguu kama mtu asiye na haraka na siku hiyo. Tulikaa hivyo hadi mvua ikapungua. Ndipo akasema, "Lia, mwanangu. Mama ni mama." Nikalia.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza faraja ni nini hasa. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kufunguka, kupata upenyo. Kinyume chake ni dhiki, ambayo kwa asili hiyohiyo ni kubanwa mahali pembamba. Kwa hiyo aliyefarijika si lazima awe amejibiwa swali lake. Amepata pa kupumulia. Sisi Wakristo mara nyingi tunasahau tofauti hiyo. Tukifika msibani tunadhani tumeitwa kueleza: kwa nini amekufa, Mungu alikusudia nini, marehemu yuko wapi sasa. Maelezo yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado yakambana mtu zaidi, kwa kuwa yanamtaka akubali jambo kabla hajamaliza kulihisi.

Tena yako maelezo ambayo si ya kweli. Usiku wa Februari 3, 2023, kule Korogwe, basi dogo lililokuwa likisafirisha maiti kutoka Dar es Salaam kwenda kuzikwa Kilimanjaro liligongana na lori. Watu zaidi ya 15 walikufa, wengi wao wa ukoo mmoja, wakiwa njiani kumzika ndugu yao. Waliotoka kumsindikiza maiti wakawa maiti. Mbele ya majeneza mengi namna hiyo, nani atasimama aseme kazi ya Mungu haina makosa? Barabarani makosa yana wenyewe, na tukiyapeleka kwa Mungu tunamsingizia, kisha tunamwomba mfiwa amshukuru kwa hayo tuliyomsingizia. Msemo ule nauelewa. Unatoka kwa watu waliozika wengi na hawana kingine cha kushika. Mtu akijiambia mwenyewe, usiku, peke yake, ni sala. Akiambiwa na mwingine asubuhi ya pili, unaweza kuwa kufuli.

Kitabu cha Ayubu kinalijua jambo hili kuliko mahubiri yetu mengi. Marafiki watatu wa Ayubu walipomwona, waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Mpwani yeyote anaijua picha hiyo: walikaa matanga. Walikosea walipofungua vinywa na kuanza kumfafanulia msiba wake. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, na Ayubu aliyelalamika anaambiwa kuwa ndiye aliyenena sawa. Maneno yake ya mwanzo, yale ya kutoa na kutwaa, ndiyo tunayoyaandika kwenye misalaba ya makaburi. Malalamiko yake, ambayo yamejaza sura nyingi zaidi, sijayaona kwenye kaburi hata moja.

Pwani hii ina kisa chake cha Kikristo ambacho kimenikaa moyoni kwa miaka. Mnamo 1844 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa shirika la CMS, alifika Mombasa na mkewe Rosine. Miezi haikupita mingi, Rosine akajifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, akafa. Kichanga kikafa siku chache baadaye. Krapf, naye akiwa mgonjwa wa homa hiyohiyo, aliwazika bara, ng'ambo ya maji ya kisiwa. Kisha akawaandikia wakuu wake Uingereza kwamba kaburi lile ni ishara: kazi ya misheni Afrika Mashariki imekwisha anza. Miaka minne baadaye alipanda Usambara hadi Vuga kwa mfalme Kimweri, na masikio yake yakaendelea kukusanya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya kamusi iliyochapishwa 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha fariki.

Wengi wanaisifu barua ile kwa ujasiri wake. Mimi nikiisoma naogopa kidogo. Naona mtu aliyekimbilia kuligeuza kaburi kuwa maana kabla udongo haujakauka. Simhukumu, hakuwa na wa kukaa naye jamvini kwa lugha yake. Ila namkumbuka zaidi kwa jambo la kabla ya hapo. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa njiti safarini, katika nchi kame ya karibu na Massawa, akafa, wakamzika njiani. Walimwita Eneba, maana yake kwa Kiamhara ni chozi. Hawakumwita Ishara wala Ushindi. Katika jina lile moja naona imani iliyo kubwa kuliko barua nzima, kwa sababu mzazi anayempa mtoto jina hilo mbele za Mungu anaamini kwamba Mungu hulipokea chozi likiwa chozi.

Na hivyo ndivyo Injili ya Yohana inavyomwonyesha Yesu pale Bethania. Martha anamlaumu waziwazi: angefika mapema, kaka yake asingekufa. Lawama ile haikemewi. Yesu anajua atakachofanya baada ya muda mfupi. Lazaro atatoka kaburini. Kwa hesabu zetu hana sababu ya kulia. Analia. Jambo hilo linanishinda kuliko muujiza wenyewe, kwa kuwa linaonyesha kwamba tumaini la ufufuo halikuyafanya machozi kuwa ya bure hata kwa mwenye ufufuo. Paulo naye, akiwaandikia Wathesalonike, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwaomba wasihuzunike kama wasio na tumaini. Na Kristo mfufuka anapomtokea Tomaso, matundu ya misumari bado yapo. Kwa hiyo hata huko tunakokutazamia, kilichoumia hakifutwi kana kwamba hakikutokea.

Nitaulizwa: ikiwa aliyenifariji alikuwa bibi wa Kiislamu, Ukristo unaingia wapi? Nimelifikiria swali hilo sana. Hapa Tanga tumezikana siku zote. Wakristo wanabeba majeneza ya Waislamu, Waislamu wanashika makoleo kwenye makaburi yetu, na shuleni sote tulifundishwa kumlilia mke wa mtu kwa shairi la "Amina" la Shaaban Robert, Mwislamu aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Huzuni haina dini, na ukarimu pia hauna. Imani yangu haikumfanya bibi yule aje. Ilinipa macho ya kumtambua. Ninaamini kwamba Mungu, badala ya kutuma maelezo kuhusu kifo, alikuja kukaa kwetu, na neno hilo la kukaa ndilo Yohana analolitumia katika Kiswahili chetu anaposimulia Neno kufanyika mwili. Kukaa duka ni kazi, kukaa kimya ni adabu, kukaa matanga ni upendo. Nilipomwona mtu akivua viatu na kuketi kwenye jamvi lililolowa bila kuleta jibu lolote, nilijua nimeona kitu ambacho kanisa lilikuwa likinifundisha tangu utotoni, na ambacho siku ile kanisani kwetu tulikisahau kidogo.

Siku ya tatu jua lilitoka. Tulianika majamvi kwenye ua wa michongoma, na jioni tukaanua yote, majamvi na matanga. Viti vilirudishwa vilikoazimwa, daftari la rambirambi likasomwa mbele ya wazee, wageni wa mbali wakaenda stendi kuwahi magari. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Bibi alikunja jamvi lake, akalitia kwapani, akaaga.

Asubuhi yake nilisikia kandambili zikivuliwa mlangoni. Alikuwa amerudi nalo.