Hakuna Kinachovuta

Somo la juma: Yohana 4:5–30

Mpe mtoto wa hapa Tunda bua la jani la mpapai, halafu mwache. Kabla ya jua kuzama atakuwa amelinywea maji na kulipuliza kama tarumbeta ya kwaya, na mama yake atakuwa anatafuta pa kukimbilia. Bua ni lile lile, tundu ni lile lile. Juma hili nimewaza hayo mawili, kunyonya na sauti. Mnivumilie, mchungaji naye huchoka na mikutano ya kamati.

Tunasema mtoto anavuta maji. Wataalamu wanakataa. Mtoto anaongeza nafasi kinywani, hewa ya mle inapungua nguvu. Ndipo hewa ya nje, inayokandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa karibu kilo moja, inayasukuma maji kuelekea palipo na nafasi. Torricelli wa Italia alilionyesha hilo miaka ya 1640 kwa zebaki na mrija wa kioo. Hakuna kinachovuta.

Na msukumo huo una kikomo. Pompi inayonyonya kutoka juu haipandishi maji zaidi ya meta 10 hivi, hata umlete fundi kutoka Kindu, hata kijiji kizima kining'inie kwenye mkono wa pompi. Kisima kikizidi hapo, inabidi pompi yenyewe ishuke chini, iyasukume maji kutoka huko.

Kisima cha Yakobo, kile cha somo letu, kina zaidi ya meta 30. Yule mwanamke Msamaria alipomwambia Yesu, “Huna chombo cha kutekea, na kisima ni kirefu,” wahubiri wengi humcheka kwa kukosa imani. Mimi naona alijua hesabu yake vizuri kuliko wahubiri.

Wengi wetu tunaomba kwa namna ya pompi: tukipaza sauti zaidi, tukifunga siku nyingi zaidi, tutamvuta Mungu ashuke. Manabii wa Baali walifanya hivyo juu ya Karmeli tangu asubuhi, na Eliya akawatania kwamba huenda mungu wao amelala. Sisemi tunyamaze, mimi mwenyewe napenda ibada yenye ngoma. Lakini kilicho chetu ni kuacha nafasi tu. Nguvu iko nje yetu, na ilikuwa inatukandamiza pande zote kabla hatujafumbua kinywa.

Sauti nayo ina vituko vyake. Lokombe, ile ngoma ya gogo, ikipigwa, hewa iliyo kando yake haisafiri hadi kijiji cha pili. Inatikisika hapo hapo ilipo, inamgusa jirani, jirani anamgusa jirani. Habari inakwenda meta 340 hivi kwa sekunde, na waliobeba wamebaki kwao. Robert Boyle wa Uingereza alieleza mwaka 1660 jinsi alivyotundika saa ndani ya chombo cha kioo na kuitoa hewa: mlio ukafifia. Pasipo jirani hakuna sauti. Na mchongaji wa lokombe analichimba gogo kupitia ufa mwembamba mpaka libaki na uwazi ndani, kwa sababu gogo lililojaa halisemi na mtu.

Wakunga wetu wanayajua haya bila Boyle. Mtoto akizaliwa, kifua kinapanuka, hewa inaingia, ndipo kilio kinatoka. Utaratibu huo haujawahi kugeuzwa, hata kwa wale ambao baadaye wanakuwa wenyeviti wa kamati.

Mwanamke wa kisimani alifuata utaratibu huo huo. Alipokea kwanza, kisha akaingia mjini na maneno machache: njoni mwone. Hakumvuta mtu kwa mkono. Mtu alimwambia mwenzake, mwenzake akamwambia jirani, mji ukatoka. Mtungi alikuwa ameuacha kisimani, na Yohana hasemi kama kuna aliyekumbuka kuurudisha nyumbani.