Mtawa na Ngao ya Mfalme

Vita vya Maji Maji vilipoenea mwaka 1905 hata vikafika Uvidunda, katika milima ya Kilosa, wapiganaji walimwona adui mmoja tu, Mdachi. Kodi, kazi za lazima na kiboko vyote vilikuwa vyake. Katika nchi zilizoshika silaha, mwenye kanzu ya dini na mwenye bunduki ya serikali hawakutengwa. Je, ilikuwa haki kutowatenga?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko boma la Kilosa. Boniface, mtawa Mwingereza, aliiacha nyumba yake ya utawa akaenda kuhubiri Ujerumani, akafanywa askofu mwaka 722. Huko Geismar aliuangusha mti uliotukuzwa na wenyeji, na mbao zake akazijengea kanisa. Mwenyewe alikiri katika barua ya kuwa pasipo ulinzi wa mtawala wa Wafranki asingeweza kuwaongoza waumini wala kuzikomesha ibada za kale. Basi ushujaa wa kuukata mti wa watu chini ya ulinzi kama huo wastahili kutiliwa shaka. Lakini mwaka 754, aliposhambuliwa katika nchi ya Wafrisia, yasimuliwa ya kuwa aliwakataza wenzake kupigana. Wauaji walivunja masanduku wakitumaini dhahabu, wakakuta vitabu.

Cassian Spiss naye alikuwa mtawa Mbenedikto. Alianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, akawekwa kuwa askofu mwaka 1902. Tarehe 14 Agosti 1905, akisafiri kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kusema ya kuwa alikufa kwa imani peke yake ni kuisahau bendera iliyomfungulia njia. Kusema ya kuwa aliuawa Mdachi tu ni kuwanyima masista wale utu wao, maana hawakumtoza mtu kodi. Ajikingaye kwa ngao ya mfalme asishangae uso wake usipotambulikana. Hata hivyo mwenye mkuki alikuwa na wajibu wa kutazama.

Serikali haikutazama pia. Februari 1906, huko Songea, iliwanyonga wakuu wa Wangoni kwa makumi. Kabla ya kamba, mtawa wa shirika lilelile la Spiss aliwabatiza wengi wao. Watu walioingia vitani kwa maji ya mganga walikufa na maji ya padre vichwani.