Rangi Iliyofunikwa na Kazi



Wengi wetu tuna ndugu au watoto wanaoishi Marekani. Kila mwaka ifikapo Oktoba, wakati mijakaranda ya Nairobi imejaa maua ya zambarau, wao hututumia picha za kustaajabisha: familia imesimama kando ya barabara, na nyuma yao mlima mzima umegeuka manjano, rangi ya machungwa na nyekundu kama moto. Huko ni majira ya majani kupukutika. Watu huwapakia watoto garini, hubeba chakula na kwenda mwendo wa saa nyingi ili kuangalia miti tu. Pengine umejiuliza, je, huko si kupoteza petroli? Mwezi huu nawaalika tuitazame safari hiyo kwa macho ya imani, maana ina fundisho kwa ndoa za huko na za hapa nyumbani.

Fikirini nyumba moja ya Wakenya katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, ambako wenzetu wengi wamehamia. Mume anafanya kazi mchana, mke anatunza wazee usiku. Wanakutana mlangoni. Mmoja anavua koti, mwingine analivaa lake, wanapeana funguo za gari na maagizo: "Mtoto ana kikohozi. Kodi bado." Basi. Hawagombani, lakini pia hawazungumzi. Baada ya miaka michache mke anasema moyoni, "Huyu si yule niliyefunga naye ndoa." Mume naye anawaza vivyo hivyo. Na hapa kwetu je? Mmoja yuko Mombasa akitafuta riziki, mwingine yuko shambani Bungoma, na simu ni ya kuulizia karo na mbolea tu.

Sasa litazameni jani. Shuleni tulifundishwa kwamba kijani cha jani ni klorofili, ambayo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mti. Wakati wote wa joto jani liko kazini, na kijani hufunika kila kitu. Siku zikianza kuwa fupi na usiku kuwa mrefu, mti huacha kutengeneza klorofili. Kijani hufifia, na manjano huonekana. Je, manjano hayo yametoka wapi? Hayakutoka popote. Yalikuwamo ndani ya jani muda wote, nayo ni ya jamii moja na rangi ya karoti. Yalikuwa yamefunikwa na kazi.

Ndugu mume, kicheko cha mkeo ulichokipenda zamani hakijafa. Dada, upole wa mumeo haujapotea. Kazi si mbaya, kwa kuwa bila kijani mti ungekufa njaa. Lakini asiyepumzika kamwe hawezi kuonekana alivyo. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba (Mwanzo 2:2-3), na Bwana Yesu aliwaita mitume wake waliochoka waende naye mahali pa faragha wapumzike (Marko 6:31). Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ibara ya 2184, inafundisha kwamba siku ya Bwana imewekwa pia ili watu wapate nafasi ya kutosha ya kuistawisha familia yao. Kwa hiyo siku ya mapumziko pamoja si anasa ya matajiri. Ni sehemu ya wito wenu.

Nyekundu ni jambo jingine. Nyekundu ya mti wa mepo haikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo. Hutengenezwa mwishoni kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, nayo hung'aa zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi. Vivyo hivyo kuna upendo ambao hamkuwa nao siku ya arusi. Huo umetengenezwa baadaye, mlipouguza pamoja, mlipomzika mzazi, mmoja alipoachishwa kazi na mwingine hakumdharau. Lakini angalieni, baridi peke yake haitoshi. Jua la mchana lazima liwepo: neno jema, shukrani, mkono begani. Tena barafu kali ikishuka mapema huliua jani kabla halijapata rangi. Anayepigwa au kudhalilishwa nyumbani hayuko katika baridi ya kawaida, bali katika barafu. Huyo asiambiwe avumilie tu. Aende mahali pa usalama, amwone padre na watu wanaoaminika, na polisi ikibidi.

Basi, mkitaka kufanya safari ya familia, iwe ndefu au fupi, shikeni mambo matatu.

Kwanza, msingoje mno. Mahali pamoja rangi hukolea kwa wiki moja au mbili tu, kisha upepo na mvua huangusha majani yote. Majani hayangojei likizo yako. Watoto nao hawangoji. Leo mwanao anataka kukaa karibu nawe. Miaka michache ijayo atakuwa na marafiki zake. Majuto ni mjukuu.

Pili, jazeni tangi kabla ya kuondoka. Katika jimbo la New Hampshire kuna barabara maarufu iitwayo Kancamagus, yenye kilomita kama 55 kati ya Lincoln na Conway. Inapita katikati ya milima na msitu, na njiani hakuna kituo hata kimoja cha petroli. Dereva mwenye busara hujaza tangi kwanza. Nanyi vilevile anzeni na Misa Takatifu au sala fupi mkiwa mmeshikana mikono. Yule mwenye kinyongo aseme kabla ya safari, wasameheane. Ugomvi uliobebwa garini hufika kabla ya abiria.

Tatu, mambo yakiharibika njiani msilaumiane. Familia Takatifu nayo ilikuwa na safari yake ya kila mwaka, kwenda Yerusalemu kwa Pasaka. Yesu alipokuwa na miaka 12 walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo msafarani, kumbe amebaki nyuma (Luka 2:41-52). Hebu wazieni uchungu ule! Hata hivyo hatusomi popote kwamba Maria alimlaumu Yosefu, wala Yosefu kumlaumu Maria. Walirudi pamoja, wakatafuta pamoja, na Maria alipozungumza na Mwanawe alitaja uchungu wa wote wawili, akianza na wa Yosefu. Mkipotea njia, gurudumu likitoboka, pesa zikipungua, kumbukeni hilo.

Si lazima mwende Marekani, wala muwe na gari. Baada ya Misa ya Jumapili tembeeni taratibu hadi mtoni au kwenye shamba la chai. Pandeni matatu mkamwone nyanya. Wa Nairobi wanaweza kwenda Msitu wa Karura na viazi vya kuchemsha kwenye mkoba. Simu zikae mfukoni. Picha moja yatosha, na isiwe ya kuwaringia majirani. Cha maana ni kwamba baba na mama wametazamana, na watoto wamewaona wakitazamana.

Jioni hii, watoto wakishalala, ulizaneni maswali haya mawili: Ni kitu gani kwako nimeacha kukiona kwa sababu ya kazi? Ni siku gani ya mwezi huu tutaitenga tuwe pamoja? Iandikeni siku hiyo kwenye kalenda ya ukutani, nayo msiiuze kwa kibarua chochote.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee, na Mungu azibariki ndoa zenu. Amina.