Haki ya Kubadili Kilicho cha Wote

Kitu cha mtu mmoja hubadilishwa kwa nia moja. Mwenye jembe akitaka kulitia mpini mpya hana haja ya kuitisha baraza. Lakini kitu cha watu wengi kina taabu yake. Hakiwezi kubaki kilivyo milele, kwa kuwa dunia haisimami. Wala hakiwezi kugeuzwa kwa amri ya mmoja, kwa kuwa hakuna mmoja mwenye haki hiyo. Basi nani akibadili, na kwa njia gani? Swali hili lina umri sawa na baraza la kwanza la wanadamu, na katika zama zetu limerudi likiwa limevaa nguo mpya. Nakualika, msomaji, tulitazame kwanza katika majani ya chai, kisha katika kompyuta, tuone kama jibu lake ni moja.

Asafiriye kutoka Kericho kwenda Bomet huona chai pande zote mbili za njia, na huweza kudhani kuwa ni chai ya namna moja. Sivyo. Ipo chai ya mashamba makubwa, iliyopandwa na makampuni tangu miaka ya 1920 katika nchi ambayo wenyeji wengi waliondolewa. Na ipo chai ya vishamba vidogo vya wenyeji, ambao kwa muda mrefu wa ukoloni hawakuachiwa kuipanda. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya serikali ya kusimamia mazao maalumu ya wakulima wadogo. Mwaka 1964 ikawa Mamlaka ya Ustawi wa Chai ya Kenya, ijulikanayo kwa herufi KTDA. Na mwaka 2000 ikageuzwa kampuni ambayo wenye hisa wake ni viwanda, na wenye hisa wa viwanda ni wakulima wenyewe. Leo wakulima hao katika Kenya nzima ni zaidi ya 600,000. Viwanda vyao vya upande huu, kama Momul, Tegat, Litein, Kapkatet, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek, ni mali ya watu ambao wengi wao hawajapata kuonana.

Katika shamba la mwenye mmoja, mabadiliko huja upesi. Makampuni ya Kericho yalipoleta mashine za kuchumia, ambazo moja hufanya kazi ya mikono mingi, hayakuhitaji kura ya mchumaji. Sheria ya kumiliki ilikuwa upande wao. Lakini mwezi wa Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto na waandamanaji, askari na raia wakaumia, na mtu mmoja akapoteza maisha. Siusifu moto, mashine iliyoungua haikumrudisha aliyekufa, wala haikuirudisha kazi iliyopotea. Walakini yako mafunzo. Haki ya kumiliki ni moja, na haki ya kusikilizwa ni nyingine. Ya kwanza huandikwa katika hati. Ya pili hutokana na kuwezekana kuumia. Mtu ambaye chakula cha watoto wake hutegemea uamuzi fulani ana haki ya kuujua kabla haujafika, hata kama hana haki ya kuukataa.

Sasa njoo katika kiwanda cha wakulima, ambako hapana bwana wa kulaumiwa. Mitambo ya kunyausha, kukata na kukausha majani huchakaa. Kununua mipya ni gharama, na gharama hiyo hupunguza malipo ya mwisho wa mwaka, yaani bonasi, ambayo mkulima ameitazamia kwa karo na kwa madeni. Kutonunua ni gharama vilevile, ila huja polepole: ubora wa chai hupungua, na bei yake katika mnada wa Mombasa hushuka. Wenye kiwanda waamueje? Huchagua wakurugenzi, lakini kura ihesabiwe vipi? Jambo hili limeleta mabishano marefu katika chai ya Kenya. Wengine husema kila mkulima awe na kura moja, kwa kuwa njaa ya mwenye mashina mia si ndogo kuliko njaa ya mwenye mashina elfu. Wengine husema kura ifuate hisa, kwa kuwa aliyetia zaidi atapoteza zaidi. Kila upande una chembe ya kweli. Wa kwanza hupima mtu, wa pili hupima mali. Na hapana mizani iwezayo kupima vyote viwili kwa jiwe moja.

Wazee wa Kipsigis walikuwa na njia ya tatu. Katika kokwet, baraza la ujirani, watu walikaa pamoja wakasema mpaka maneno yakaisha. Mzee wa baraza hakutoa amri. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, na mwishowe kulitamka lile ambalo kikao kimelielekea. Ubora wa njia hii ni kwamba aliyepingwa alirudi nyumbani akiwa ameelezwa sababu. Upungufu wake ni kwamba huenda polepole, na kwamba enzi hizo sauti za wanawake na vijana hazikupewa nafasi sawa na sauti za wazee. Liweke baraza hilo akilini, kwa maana utalikuta tena mahali usipolitazamia.

Mahali hapo ni katika kompyuta. Mkulima apelekapo majani kituoni, majani hupimwa, na kilo zake huwekwa katika kumbukumbu, ambayo hapa nitaiita daftari. Yeye hupata risiti. Daftari hubaki kwa kiwanda. Pakitokea tofauti, mwenye daftari ana nguvu kuliko mwenye risiti. Fikiri sasa kuwa kila mkulima angekuwa na nakala kamili ya daftari lote, na kwamba hapana mstari ungeongezwa bila kuthibitishwa kwa kanuni iliyo moja kwa wote, wala mstari wa jana kufutwa bila wote kuona. Hiyo ndiyo blokucheni: daftari la pamoja, litunzwalo na kompyuta nyingi duniani, pasipo karani mkuu. Ya kwanza kuenea, Bitcoin, ilianza mwezi wa Januari 2009. Mwanzilishi wake alitumia jina la Satoshi Nakamoto, na mpaka leo hajulikani kwa hakika ni nani. Basi ni kama kiwanda kisicho na mwenyewe, kisicho na mkurugenzi, wala orodha ya wanachama.

Hata hivyo kanuni za daftari hilo zimo katika programu, na programu ni kazi ya binadamu: ina kasoro, huelemewa, na wezi huibunia hila. Haina budi kubadilishwa. Desturi iliyojengeka ni hii. Mwenye shauri huliandika kwa urefu na kuliweka hadharani likiwa na namba yake. Wajuzi hulipekua na kulipinga. Likisalimika, hujaribiwa katika mtandao wa majaribio, ambamo fedha si fedha ya kweli. Kisha hutajwa wakati wa kuanza, mbele kwa muda wa kutosha, na kila atunzaye nakala ya daftari huamua kama ataipokea programu mpya au ataikataa. Waandisi wapangao kanuni za intaneti walitangulia kuishi kwa desturi ya jinsi hii. Katika mikutano yao hawaamui kwa kura. Mwenyekiti huweza kuwaomba wagune kwa midomo iliyofumbwa, akapima kwa sikio kama wengi wameridhika, na kama waliobaki wana hoja ambayo haijajibiwa. Je, hukumkumbuka mzee wa kokwet?

Lakini desturi njema hujulikana siku ya msiba. Mwezi wa Juni 2016, katika mtandao uitwao Ethereum, mtu asiyejulikana aliona ufa katika programu ya mfuko mmoja wa pamoja, The DAO, akachota ether karibu milioni 3.6, ambazo thamani yake wakati huo ilipata dola milioni 50 hivi. Kwa bahati, kanuni za mfuko wenyewe zilimzuia asizitumie kwa majuma kadhaa. Watu wakawa na nafasi ya kuchagua. Kundi moja lilitaka kanuni zibadilishwe ili wenye mali warudishiwe mali yao. Kundi la pili lilisema kuwa daftari liliahidiwa halitafutwa kwa ajili ya mtu yeyote, na kwamba likifutwa leo kwa sababu njema, kesho atakuja mwenye nguvu na sababu yake. Tafakari, msomaji, kabla hujasoma mbele. Ungesimama upande gani?

Ilipigwa kura ya maoni kwa uzito wa fedha, na waliopiga walikuwa na sehemu ndogo tu ya fedha zote. Tarehe 20 Julai 2016 wengi walipokea programu mpya, na mali ikarejeshwa. Wachache walikataa, wakaendelea na daftari la zamani, ambalo liko mpaka leo kwa jina la Ethereum Classic. Mimi naona kuwa kila kundi lililinda kitu cha thamani: moja haki, na la pili ahadi. Haki isiyo na ahadi hugeuka kuwa upendeleo, na ahadi isiyo na haki hugeuka kuwa ngao ya mwizi. Lililo zuri katika jambo lile si kwamba wengi walishinda, bali ni kwamba wachache hawakulazimishwa.

Mtandao huohuo ulifanya badiliko kubwa zaidi kwa utulivu mkubwa zaidi. Zamani usalama wake ulitegemea kompyuta zilizokula umeme mwingi mno. Njia mpya, inayotumia dhamana ya fedha mahali pa umeme, ilianzishwa Desemba 2020 ikaenda sambamba na ile ya zamani karibu miaka miwili, ikipimwa na kukosolewa. Zilipounganishwa tarehe 15 Septemba 2022, matumizi ya umeme yalipungua kwa zaidi ya asilimia 99, na daftari halikusimama. Mkulima wa chai anaielewa hekima hii. Kituo cha utafiti wa chai cha Kericho kilipotoa mche wa chai ya zambarau mwaka 2011, mwenye busara hakung'oa shamba lake lote siku moja. Alipanda kipande, akangoja miaka kama mitatu, akaona.

Hapa lakini ndipo mfano wa kompyuta unapoishia, na ndipo ninapofika katika kiini cha neno langu. Asiyeridhika na programu huweza kubaki na daftari lake la zamani. Mkulima wa Konoin au wa Bureti asiyeridhika na kiwanda chake atakwenda wapi? Mashina yake yana mizizi ya miongo, na jani lililochumwa asubuhi haliwezi kungoja juma zima likitafuta kiwanda kingine. Mchumaji aliyeondolewa na mashine ana mlango mwembamba zaidi. Basi kanuni naiona kuwa hii: pale ambapo mlango wa kutoka ni mwembamba, nafasi ya kusema haina budi kuwa pana. Kadiri mtu asivyoweza kukikimbia kibadilishwacho, ndivyo anavyostahili kusikilizwa zaidi kabla hakijabadilishwa.

Yuko atakayesema kuwa mashauri marefu huua kazi. Anasema kweli nusu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mkulima anayepata bonasi haba kwa sababu ya mitambo mibovu naye anadhulumiwa, ingawa hapana aliyetoa amri ya kumdhulumu. Kukataa kubadilika ni uamuzi, na kila uamuzi una watu wa kuulipia. Kwa hiyo baraza jema lina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kila mtu huijua mapema.

Yuko na mwingine atakayesema kuwa mambo ya mitambo waachiwe wajuao mitambo. Huyu naye nampa nusu. Ujuzi humpa mtu haki ya kuaminiwa anaposhauri. Haumpi haki ya kuamua kwa niaba ya wasiojua. Wachache wawezao kuisoma programu, au hesabu za kiwanda, ni kama wafalme wasio na taji, na hatari yao ni kwamba hapana awaonaye. Deni lao kwa wengine ni kueleza, kwa lugha ya nyumbani na kwa maneno yasiyoficha gharama. Mtaalamu asemaye, "Hamtaelewa," ameungama kuwa hajajaribu kueleza.

Kijana usomaye haya, yamkini siku moja utakuwa mkurugenzi wa kiwanda, mwandishi wa programu, au mkulima mwenye mashina mia tano na kiti cha nyuma katika mkutano. Ukiwa na madaraka, jiulize mambo manne kabla hujakigeuza kilicho cha wote: je, watakaoumia wameambiwa? Je, limejaribiwa kwa udogo? Je, siku imetajwa mapema? Je, asiyekubali ana njia? Na ukiwa katika kiti cha nyuma, usinyamaze ukangoja kulalamika njiani kurudi nyumbani. Kilicho cha wote hulindwa na wanaouliza, na anayenyamaza mkutanoni huwapa wengine fungu lake la uamuzi bila wao kuliomba.