Sanaa ni kazi, si sadaka
Dzaleka, kaskazini mwa Lilongwe nchini Malawi, ni kambi ya wakimbizi tangu 1994, na tangu 2014 Tamasha la Tumaini huwaleta wageni humo kusikiliza muziki na kununua kazi za mikono. Lakini wapo wasemao mkimbizi mwenye usonji au ulemavu anahitaji unga kwanza, rangi baadaye. Kweli, njaa haina subira. Ila mgao wa chakula hushibisha tumbo tu, haumpi mtu sababu ya kuamka. Mwenye usonji anayerudia nakshi ileile siku nzima bila kuchoka ana umakini ambao fundi yeyote angeutamani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, kifungu cha 30, unatambua haki yake ya kukuza kipaji. Basi ukiipenda picha yake, usimhurumie. Mlipe bei yake.