Mandhari Moja, Macho Mengi

Tuseme wachoraji watatu wameketi asubuhi kando ya mto Lubumbashi, kila mmoja na rangi zake za mafuta. Mbele yao kuna mumbunda, yaani dohani ndefu ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha shaba, na karibu yake kilima cheusi cha masazo ya madini. Rangi ya mafuta haikauki upesi, lakini jua haliwangojei. Vivuli vyahama, hivyo hawana budi kufanya haraka. Wakimaliza, picha tatu hazilingani. Je, nani kati yao asema kweli?

Wengine hujibu: mwalimu aamue, na wote wamwige. Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyeanzisha karakana ya wachoraji mjini humu mwaka 1946, zamani mji ulipoitwa Elisabethville, hakukubali hivyo. Hakutaka wanafunzi wake wafuatishe michoro ya Ulaya. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi. Pilipili Mulongoy alipenda ndege na samaki. Walifanya kazi pamoja, wala hakuna aliyekuwa kivuli cha mwenzake. Na huko Ufaransa, mwaka 1869, Monet na Renoir walichora bega kwa bega mahali paitwapo La Grenouillère, karibu na Paris, na kila mmoja alitoa picha yake.

Basi, kila mtu achore apendavyo tu? La. Kuchagua si kosa, kwani hakuna ubao utoshao kuchukua yote. Lakini mnunuzi hupenda mbingu safi na miti mizuri, na mchoraji huvutwa kukiondoa kile kilima cheusi, kisha aiuze picha yake kana kwamba ndivyo mji ulivyo. Akiwa peke yake, nani atajua? Ila mwenzake aliye kando amekichora. Picha ile yamwuliza bila neno: nawe, hukukiona?

Hapo twaona faida ya kuchora pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tusimwibie mwenzetu jicho lake, wala tusimwonee wivu kwa karama yake. Yeye ni shahidi wetu. Na mtu asiyetaka shahidi kando yake, ajiulize kwanza anaogopa nini.