Watu wa Bukoba walikosa nini?

Watoto wetu wengi huhifadhi Suratuz-Zilzaal wakiwa bado wadogo sana. Si ajabu basi kwamba baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, siku chache kabla ya Idd el-Hajj, wanafunzi wangu waliniuliza: watu wa Bukoba walikosa nini hata Allah (SW) akawaadhibu?

Swali hili wanalipata kwa watu wazima, ambao kila yanapotokea maafa hawakosi wa kumtupia lawama. Na linataka jibu, kwani ndani yake mna hukumu juu ya Waislamu na wasio Waislamu zaidi ya 15 waliofariki siku ile.

Sikuanza na mawaidha. Nilichukua tofali, nikalifunga mpira wa manati, nikaliweka kwenye sakafu ya saruji yenye mikwaruzo. Juu yake tukapanga kijumba cha maboksi ya viberiti. Mwanafunzi mmoja akavuta taratibu. Mpira ukarefuka, tofali halikusogea. Akazidi kuvuta. Ghafla tofali likaruka na kijumba kikasambaratika. Wakarudia mara nyingi, kila mmoja akikisia litaruka lini, na wengi wakakosea. Ndivyo ilivyo chini yetu. Ardhi ya Afrika Mashariki inatanuka kwenye Bonde la Ufa kwa milimita chache tu kwa mwaka; miamba hung'ang'aniana muda mrefu, kisha huachia mara moja. Wataalamu wanajua maeneo ya hatari, siku hawaijui.

Kisha tukajenga kijumba kingine, safari hii maboksi tukayafunga kwa uzi pamoja na tofali lenyewe. Tofali likaruka vilevile, kijumba kikayumba, kikabaki. Nikawauliza: mwenye nyumba yupi kati ya hawa wawili ndiye aliyemuasi Mola wake? Wakacheka, lakini walielewa.

Wapo wazazi walioniambia kuwa kwa tofali lile ninamwondoa Mungu katika mambo yake. Je, hatukusoma habari za Adi na Thamudi? Tumezisoma. Lakini hao tumeambiwa na Allah mwenyewe kwa wahyi kwamba waliangamizwa kwa uasi wao. Kuhusu Bukoba, ni wahyi gani umetufikia? Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (SAW), watu walisema limepatwa kwa ajili ya kifo kile. Mtume, naye yuko katika msiba, aliwakatalia: jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Kisha akawaelekeza kwenye sala na dua. Kwa hiyo ishara ni ishara, na hofu ya Mungu inabaki pale pale. Kilichokataliwa ni kumtungia Allah sababu ambayo hakuitaja.

Tena jambo hili si la mjadala wa barazani tu, linagusa roho za watu. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, wakazi wake karibu wote ni Waislamu. Baada ya tsunami ya mwaka 1907 wazee waliwafundisha watoto kwa visa na nyimbo: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbilieni mlimani. Desemba 26, 2004, kati ya watu zaidi ya 70,000 wa kisiwa kile, tsunami iliua saba. Ng'ambo yao, Banda Aceh na pwani yake, Waislamu wenzao walikufa kwa makumi ya maelfu. Nani atathubutu kusema kuwa wa Simeulue walikuwa wachamungu zaidi?

Wazee wale hawakuwa na maabara. Nasi madrasa zetu hazina, lakini Zilzaal tayari iko kifuani mwa mtoto. Siku ya kuisoma, tofali na mpira vitachukua dakika 20, na mwalimu asisahau ule uzi.